Jina la Zimwi la Arobaini na Moja

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halijaanza tena visa vyake. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na chumba nilichopanga kina dirisha linalofunguka, kwa hiyo usianze.

Kazi nimepata, ila kaa chini kwanza. Nimeajiriwa kuyapa mazimwi majina. Sikutanii, Mama. Ni ofisi ndogo juu ya duka la viatu, inatengeneza michezo ya kadi ya watoto. Mchoraji amekwisha kuchora mazimwi sitini, yamebandikwa ukutani kwa namba, na kila asubuhi nikiingia yananitazama kama wagonjwa wako wanavyosubiri dawa. Kazi yangu ni kukaa mbele yake na kutafuta kila moja linaitwaje.

Usidhani ni lelemama. Zimwi zito linataka jina la kufungua mdomo wote: Gudumbwe, Mbongonyoa. Jembamba lenye mbio linataka jina la kutema haraka, kama Fyukuchi. Kila Ijumaa watoto saba wa shule ya jirani huja kuyajaribu. Jina wakilicheka, limekufa. Wakigoma kulitamka limekufa pia, maana limewatisha kupita kiasi. Linalopita ni lile wanaloondoka nalo mdomoni wakishuka ngazi.

Mpaka leo nina majina thelathini na nane. Hayo ishirini na mawili yaliyobaki nimeyatafuta mpaka nimeshika tama. Bosi amenipa hadi mwisho wa Aprili. Nisipomaliza, nafunga virago. Linalonitesa zaidi ni la arobaini na moja. Halina miguu, limejikunja kama mpira wa kumwagilia bustani, na macho yake yana huruma ya ajabu. Kila jina ninalolipa, wale saba wanaangua kicheko.

Simu najua huwa unaipokea umeshika sindano mkono wa pili, ndiyo maana naandika. Nipe habari za wodi, nisahau haya yangu.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu Mama Maneno,

Marahaba. Barua nimeipata, nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti chumbani kwa wauguzi, wakacheka mpaka chai ikapoa. Nilikupeleka shule ukajifunze kuandika, kumbe mazimwi ndiyo yaliyokuwa yanakusubiri. Mimi mzima. Goti linaniheshimu. Naandika nyuma ya karatasi za kujazia joto la wagonjwa, usishangae mistari.

Lakini usijione uko peke yako katika kazi hiyo. Mimi naifanya karibu mwaka wa thelathini, na hakuna aliyeniajiri kwa hilo. Unaijua desturi yangu, ingawa sidhani kama niliwahi kukueleza yote. Mtoto akilazwa hapa, ukimwuliza anaumwa wapi anakutolea macho tu. Nikimwuliza zimwi lake linaitwaje, analitaja. Nikimwuliza linakaa wapi na linakuja saa ngapi, daktari anapata kila anachokitaka. Jina naliandika kwenye kikaratasi, nalibandika juu ya kitanda. Siku ya kuruhusiwa, mtoto analichana mwenyewe na kulitia kwenye ndoo ya bendeji chafu, na kuanzia hapo halitajwi tena na mtu yeyote, sisi wauguzi tukiwemo. Halina pa kurudi. Ndiyo sheria ya wodi, na hata daktari mkuu anaifuata.

Sasa nakuvunjia sheria kidogo kwa kuwa ni wewe. Kitanda cha dirishani nilikuwa na msichana wa miaka tisa, mtoto wa fundi baiskeli, miguu yote miwili imepinda kuelekea nje. Wa kushoto tumeshaunyoosha, kwa ajili ya wa kulia atarudi Juni. Zimwi lake linajizungusha kwenye mguu na kuubana. Analiita Zongomeo. Tangu niingie kazi hii sijasikia jina lililokaa vizuri namna hiyo. Alhamisi alilichana vipande kumi na sita, nilimhesabia, akatoka hapa na magongo yake huku akijidai.

Kula vizuri. Mazimwi hayana haraka.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. U hali gani, na goti je? Mimi leo hata nikipewa chakula sikitaki, nimeshiba furaha.

La arobaini na moja limepata jina. Watoto walilitamka wote pamoja, wakashuka nalo ngazi mpaka barabarani, na mwenye duka la viatu akatoka kuuliza kulikoni. Bosi, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, alivua miwani akaifuta. Sikuambii ni jina gani. Nataka uje ulione kwa macho yako. Baada ya hilo mengine yalikuja yenyewe, yamebaki manne tu.

Mwanao asiyefunga virago

2 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mimi mzima, na sasa ni mwajiriwa kamili, nina hadi kiti changu chenye mgongo.

Mchezo umetoka. Nimekutumia boksi moja kwa mizigo ya basi, jekundu, huwezi kulipita. Lifungulie wodini, watoto wacheze vitandani. Halafu itafute kadi ya arobaini na moja, uitazame vizuri. Hiyo ni zawadi yako.

Mwanao

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, lakini safari hii naandika nikiwa sina hakika.

Siku ishirini na nane sijasikia kitu kutoka kwako, na wewe hujawahi kuvusha wiki tatu. Nimepiga simu wodini mara tatu. Mara zote nimeambiwa uko na mgonjwa, na nesi aliyenijibu, yule anayeniitaga mdogo wake, alinijibu kama mtu wa ofisini. Roho yangu iko juu juu. Kama unaumwa, niambie. Kama ni mimi, niambie pia.

Mwanao

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza yalitoka maneno ambayo mama hapaswi kumwandikia mwanawe.

Boksi lako lilifika siku ileile msichana wa dirishani aliporudi kwa ajili ya mguu wa kulia. Alikuja mchangamfu, anatembelea gongo moja tu, anawaonyesha wageni pa kuweka ndala zao. Kwa kuwa ndiye mkubwa wao nikampa yeye kazi ya kugawa kadi. Alizigawa moja moja akisoma majina, na wenzake wakiitikia. Alipofika ya arobaini na moja akanyamaza. Nikadhani imemshinda kusoma, nikaichukua nimsomee.

Hakulia. Afadhali angelia. Aliipokea kadi, akairudisha ndani ya boksi, akalifunga, akalala akielekea ukutani. Nilipokuwa namfunika shuka aliniuliza swali moja.

"Ulisema nikilichana limekwisha. Mbona limechorwa?"

Asubuhi yake tulipomfuata kumpeleka chumba cha upasuaji, alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Watu wazima watatu tungeweza kumbandua, lakini daktari wa mifupa alikataa. Yeye hampasui mtoto wa kushikwa. Baba yake akamrudisha nyumbani. Daktari atakuwepo mpaka mwisho wa Agosti, kisha anakwenda masomoni mwaka mzima, na badala yake hatuna mwingine. Mfupa wa mtoto hausubiri mwaka. Mguu mmoja umenyooka na mmoja umepinda, na akiachwa hivyo atachechemea, kisha nyonga na mgongo vitafuata.

Vikaratasi vyote nimevibandua. Watoto wawili waliolazwa wiki hii wamekataa kuniambia kitu, na siwalaumu.

Nimekukasirikia mpaka nikachoka. Halafu nikakumbuka nani alikuambia. Sheria niliivunja mimi, kwa kutaka kukuchekesha.

Mama yako

16 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ofisi. Nilikaa pale mpaka Mchoraji akaja kuniinua.

Nitakuambia nilivyowaza, wala si kujitetea. Nilijiambia jina limechanwa, limetupwa kwenye ndoo, halina mwenyewe. Niliona nimeokota. Lingekuwa bado liko juu ya kitanda chake ningeomba ruhusa, nakuapia. Haikunijia akilini kwamba kule kutupwa ndiyo dawa yenyewe. Na kibaya zaidi, nilifurahi. Miezi minne nimetembea na furaha ya kitu cha mtoto wa watu.

Bosi nimemwambia ukweli wote. Alikunja uso siku mbili, ya tatu akakubali kwamba toleo lijalo jina litabadilika. Maboksi yaliyoko stoo, mimi na mtunza stoo tunayafungua moja moja na kubandika karatasi juu ya jina. Vidole vyangu vimeganda gundi, nakula kwa kijiko. Lakini yaliyokwisha kuuzwa yamekwenda, Mama. Hayo siwezi kuyarudisha, na sitaki tumdanganye mtoto mara ya pili.

Nakuomba uende kwao. Mwulize anataka nini kutoka kwangu. Akisema niache kazi hii, nitaiacha.

Mwanao

27 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila nimechoka kwa kutembea. Jumapili ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikaenda.

Wanakaa nyuma ya karakana ya baba yake. Fundi alinipa kigoda, akaendelea kuziba tairi bila kusema mengi, na hakuwa na ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Msichana alikuwa chini anachambua nati kwenye makopo, mguu uliopinda ameuficha chini ya gauni. Nikamweleza kila kitu bila kuficha. Kwamba mimi ndiye niliyesema, na mwanangu ndiye aliyelichukua, na kwamba maboksi mengine yako kwenye nyumba za watu na hayarudi. Nikamwambia na ya gundi. Hapo akainua kichwa, akauliza kama unabandika mwenyewe au umetuma mtu. Nikamwambia unabandika mwenyewe. Akarudi kwenye nati zake.

Nilikwisha kata tamaa, nimeshasimama kuaga, ndipo aliposema, "Yeye analijua langu. Mimi silijui lake."

Nikamwambia wewe ni mtu mzima, huna zimwi. Alinitazama vile ninavyowatazama mimi wazazi wanaosema mtoto haumwi popote. Kisha akanipa masharti yake. Uliandike kwa mkono wako. Ulitie kwenye bahasha, uifunge. Asilisome mtu mwingine, hata mimi. Na lisiwe la kazini, liwe la kweli, kwa maana la uongo atalijua. Nilimwuliza likifika ndiyo atarudi hospitali? Akasema ataliona kwanza.

Zimebaki wiki tano tu. Usimtengenezee kitu kizuri, mwanangu. Tafuta kama unalo.

Mama yako

9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote hapo. Nimechelewa, najua, na najua pia siku zinahesabika.

Mimi niliyetoa majina sitini nimetumia wiki nzima kuandika moja. La kwanza lilikuwa zuri mno. Nilipolisoma kwa sauti nikasikia nimelitengeneza, nikalichana. La pili hivyohivyo. La tatu nilikuwa karibu kulituma, kisha nikamfikiria akilisoma kwenye karakana, nikaona aibu. Jumapili asubuhi nikaweka kalamu mbali, nikajikunyata kitandani, nikaliacha lije lenyewe. Lilikuja. Ni jina baya, halina mlio, wale watoto saba wangevunjika mbavu kwa kucheka. Lakini ndilo, na ninalo tangu nikiwa na miaka mitano. Chini yake nimemwandikia linafanya nini na linakuja wakati gani, kwa sababu ningekuwa yeye ningetaka kujua.

Bahasha imo humu ndani. Tafadhali usiifungue. Si kwa sababu ya masharti yake tu. Ni mimi nakuomba.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na nianze na jema ili upumue. Tarehe ishirini na moja tumempasua. Mguu umenyooka. Daktari wa mifupa alitoka chumba cha upasuaji anapiga mluzi, jambo ambalo huwa anatukataza sisi.

Bahasha yako nilimpelekea mwenyewe. Aliichukua, akaenda kukaa nyuma ya baiskeli zilizoharibika, akakaa huko mpaka chai niliyopewa ikaisha. Aliporudi alikuwa mpole, hata kigoda changu alikisogeza kivulini. Akaniuliza kitu ambacho mpaka leo sijakielewa. Aliniuliza nyumbani kwangu huwa naondoka saa ngapi kwenda kazini. Nikamwambia siku hizi saa moja, zamani ilikuwa kabla jua halijatoka. Akatikisa kichwa taratibu, kama amepata kitu alichokuwa anakitafuta. Halafu akamwambia baba yake amtafutie ndala zake, anakwenda hospitali.

Aliingia chumba cha upasuaji ameishika bahasha. Usingizi ulipomchukua ndipo tulipoitoa, tukaiweka juu ya kabati pale alipotuelekeza. Kuanzia siku hiyo wale watoto wawili wagumu wameniambia mazimwi yao, nadhani yeye ndiye aliyewashawishi, na vikaratasi vimerudi juu ya vitanda.

Jana ameruhusiwa. Nikamletea ndoo. La kwake alikuwa ameliandika upya, akalichana, safari hii vipande havikuhesabika. La kwako alikataa kulichana. Amesema si lake, na mwenyewe bado hajapona. Ameifunga tena bahasha kwa plasta nyeupe, tatu, akanikabidhi nikurudishie. Imo humu. Usiku kucha ilikuwa mfukoni mwa sare yangu na mkono ulikwenda mara nyingi, lakini sikuifungua.

Una miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Nilidhani nakujua kila kona. Mtoto wa fundi baiskeli anakijua kitu chako ambacho mimi sikijui, na nimeona wivu. Ndiyo hivyo, nimesema.

Mama yako

6 Septemba

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Nakurudishia bahasha kama ilivyokuja, na plasta zake zote tatu. Ifungue wewe.

Wakati ule tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Ulikuwa unaondoka kabla jua halijatoka, umebeba viatu mkononi nisije nikaamka. Najua ulifanya hivyo nisilie. Lakini nilikuwa naamka nakuta upande wako umepoa, na Shangazi anakoroma chumba cha pili. Nikaamini kuna kitu kinakuja kukuchukua, na kwamba siku moja kitasahau kukurudisha. Nikakipa jina. Nilikuwa nalisema chini ya shuka kila asubuhi, na sikulipumzisha mpaka nisikie mlango jioni. Mpaka leo mtu ninayempenda akiondoka bila kuniaga, kwanza nalikumbuka hilo, ndipo namkumbuka yeye.

Sikulaumu, Mama. Ulikuwa unawaendea watoto walioumwa kweli. Ukirudi ulinipakata ukanisimulia mazimwi yao, la huyu linaitwaje, la yule linafanya nini, na mimi nacheka. Watoto wa watu wote uliwauliza. Mimi nilikuwa nasubiri uniulize.

Nimeomba likizo ya wiki mbili, nafika Jumamosi mchana. Lisome kabla sijafika. Nikishuka kwenye basi usianze na habari za safari. Niulize hilo kwanza.

Mwanao